Jinsi ya kujua kama chakula ulichonunua kina GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara), kwa sisi tunaonunua kwa sado huku Mbeya na Iringa

Mama mmoja mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi hapa Mwanjelwa, alisimama na paketi ya unga wa lishe mkononi akaniuliza, dada hii soya uliyoweka humu sio ile ya GMO kweli? mtoto ana miezi nane. Nikamjibu hapana mama, hii soya ya Mbozi. Akaniuliza tena bila ubaya wowote, sa umejuaje? Hapo nikakosa jibu, maana mi niliambiwa na aliyeniuzia na yeye aliambiwa na aliyemuuzia, mnyororo mzima ni maneno matupu. Kuanzia siku ile nikaanza kufatilia, nimesoma, nimeuliza watu wa mbegu pale Uyole, nimekaa nasoma paketi za supamaketi moja moja, na haya ndio ninayofanya mwenyewe sasa hivi kabla sijanunua na kabla sijauza. Yatakufaa kama unanunua chakula cha familia, na kama unasaga na kufungasha kama mimi yatakufaa zaidi.

Anza na zao lenyewe, paketi baadae

Watu wengi wanaanza kwa kuogopa kila kitu, nyanya wanaogopa, tikiti wanaogopa, kuku wanaogopa, wakati orodha ya mazao ya GMO yanayouzwa kwa wingi duniani ni fupi sana. Kubwa ni nne, mahindi, soya, pamba na kanola (zao la kukamua mafuta). Alafu kuna kiazi sukari cha Marekani kinachotengenezwa sukari, papai la Hawaii lililoanza kulimwa 1998 kwa sababu ya ugonjwa wa virusi, biringanya ya Bangladesh tangu 2014, kunde za Nigeria, na vingine vidogo vidogo kama tufaa na viazi vya Marekani. Ngano karibu yote ya dunia sio GMO, ile ya kuvumilia ukame Argentina waliiruhusu 2020 na bado ni kidogo. Alizeti hakuna GMO inayouzwa popote, kwaiyo mafuta ya alizeti ya Iringa au Singida usijisumbue nayo, na mawese ya Kyela vilevile. Ulezi hamna, karanga hamna, maharage yetu hamna, mchele wa Kyela na Usangu hamna.

Sa ukishajua hivo kazi imepungua sana. Ukiwa na kikapu cha vitu kumi labda viwili tu ndio vya kuuliza, kitu chenye mahindi na kitu chenye soya, na mafuta ya kula yaliyotoka nje kama ni ya soya, kanola au mbegu za pamba.

Ondoa kwanza vitu ambavyo vinaitwa GMO na sio

Hapa nitakaa kidogo maana ndio penye vurugu kubwa huku kwetu.

Mbegu chotara sio GMO. UH6303 na UH615 ambazo wakulima wengi wa huku wanazijua, herufi za UH ni Uyole Hybrid, zimetoka kituo cha utafiti hapa hapa Uyole, mtu amechukua chavua ya mahindi ya aina moja akapandishia aina nyingine, basi. Kitu ambacho hata nyuki na upepo wanafanya shambani, tofauti ni kwamba mtaalamu amechagua wazazi. GMO ni pale kwenye maabara unachukua kipande cha vinasaba, mara nyingi cha kiumbe tofauti kabisa, mfano bakteria wa kwenye udongo, unakiingiza kwenye mmea ili uwe na tabia ambayo hauna, labda ukiliwa na kiwavi kiwavi kinakufa, au ukipigwa dawa ya magugu magugu yanakufa wenyewe unabaki. Kwaiyo ukimsikia mtu anasema "siku hizi mahindi yote ni GMO hata ukirudia mbegu haizai" huyo anaongelea chotara. Chotara ukirudia inapungua mavuno kwa sababu watoto wanatawanyika tabia za wazazi, sio kwa sababu ya maabara.

Rangi ya mbegu nayo inasumbua sana. Mbegu ya pinki, ya kijani, ya bluu, hiyo ni dawa ya ukungu na wadudu imepakwa kwa nje na rangi imewekwa makusudi ili mtu asije akaisaga akala. Usiile kweli, lakini kwa sababu ya dawa.

Mahindi yasiyobunguliwa, huku watu wanasema dumuzi (skania) amekataa kula basi na binadamu asile. Mahindi yamewekwa dawa ya kuhifadhia ndio maana hayaguswi, au yamekaa kwenye mfuko ule usiopitisha hewa wadudu wakafa wenyewe. Hapo swali la kumuuliza muuzaji ni umeweka dawa gani na lini, swali zuri tu na la muhimu kwa afya, ila halihusiani na GMO.

Parachichi la Hass la Njombe na Rungwe ni la kuunganisha, unachukua kikonyo unabandika kwenye mche wa kienyeji. Tikiti lisilo na mbegu ni la kuchanganya mimea tu. Kuku wa nyama wa wiki tano au sita ni uchaguzi wa wazazi wa miaka mingi na chakula kizuri, kuku mwenyewe sio GMO ingawa alichokula kinaweza kua, na hilo ntalirudia. Papai fupi linalozaa haraka ni chotara. Nyanya ngumu inayokaa wiki mbili nayo chotara. Kulikua na nyanya ya GMO kweli Marekani, waliiruhusu 1994, haikudumu sokoni miaka mingi ikapotea.

Sokoni, ambapo hakuna lebo

Mjadala mzima wa lebo ukiusikia Ulaya au Marekani wanabishana juu ya maandishi ya kwenye boksi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, liwekwe neno gani. Sisi huku asilimia kubwa ya tunachokula kinapimwa kwa sado na debe kutoka kwenye gunia lililo wazi. Gunia halina lebo, kwaiyo inabidi uulize kwa mdomo na ujue unauliza nini.

Mazingira yetu kwanza. Tanzania hakuna mkulima anayelima GMO kwa ruhusa. Kilichowahi kufanyika ni majaribio, mahindi ya kuvumilia ukame pale Makutupora Dodoma kuanzia 2016, Novemba 2018 wizara ikaamuru yasimame na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo Adolf Mkenda akatangaza kuyafuta. Kuingiza kitu cha GMO kunataka kibali kwa kanuni za 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Kwaiyo mahindi ya Mbozi, Mufindi, Sumbawanga, Songea, ukiwa na uhakika yametoka huko huna sababu ya kulala macho wazi.

Neno la msingi hapo ni uhakika. Mi nimewahi kuuziwa soya nikaambiwa ni ya Songea, nikafika nyumbani nikamwaga gunia nikakuta kiroba cha ndani kina maandishi ya nchi nyingine. Inawezekana ni kiroba tu kimetumika tena, viroba vinazunguka sana, lakini aliyeniuzia hakua na jibu wala hakutaka kujibu. Tangu siku hiyo nauliza hivi, na wewe uliza hivi hivi kwa mpangilio huu:

"Mama, mahindi haya yametoka wilaya gani?" Usiulize "ni ya hapa?" maana kila mtu atasema ndio ya hapa.
"Umenunua kwa mkulima au kwa mfanyabiashara mwenzako?"
"Yamevunwa lini?" Hili ni zuri, mtu anayejua mzigo wake anajibu palepale, yalivunwa mwezi wa sita tukayakausha, anayebahatisha anaanza kuangalia pembeni.
"Nikitaka magunia matano mwezi ujao kutoka hukohuko utanipatia?"

Uliza kwa heshima, usimfanye mtu aonekane mwizi mbele ya wateja wake. Wamama wa sokoni wengi wanafurahi ukiuliza, wengine watakuitia kabisa aliyeleta mzigo. Ukishampata mmoja anayejibu vizuri mshike huyo huyo.

Kwa mizigo iliyopita mpaka wa Tunduma (Zambia) au Kasumulu (Malawi), muulize mwenye mzigo kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, vile vinavyokaguliwa mpakani na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Anayenunua sado moja hawezi kudai karatasi, lakini unayenunua tani una haki ya kuziona na ukazipiga picha. Na wala usiwaonee jirani zetu, Zambia ndio walikataa mahindi ya msaada ya GMO mwaka 2002 rais akiwa Levy Mwanawasa watu wakiwa na njaa kabisa, na ukame ulipowapiga 2024 walikuja kununua mahindi kwetu. Malawi wao wanalima pamba ya GMO, mahindi hapana. Kwaiyo soya iliyovuka Kasumulu sio GMO kwa sababu tu imevuka, unauliza ilivuka ikitokea wapi.

Supamaketi, ambapo lebo ipo

Geuza paketi, usisome mbele. Mbele ni matangazo. Nyuma tafuta vitu viwili tu, nchi ilikotengenezwa na orodha ya viambato. Kwenye viambato tafuta mahindi na soya kwa majina yake yote, wanga wa mahindi, sharubati ya mahindi, protini ya soya, lesithini ya soya. Nyama ya soya ya paketi, kastadi, kornflekisi, biskuti, chipsi za mahindi za watoto, hivi ndio vya kuangalia.

Kama imetoka Afrika Kusini ujue mahindi yao zaidi ya asilimia 80 ni GMO na soya karibu yote, na ugali wao ni mahindi meupe kama sisi, kwaiyo sio chakula cha mifugo tu. Sheria yao ya kumlinda mlaji inataka kitu chenye GMO asilimia 5 au zaidi kiandikwe, utakuta maneno "contains genetically modified ingredients" kwa herufi ndogo chini ya viambato. Soma hapo hapo chini, mara nyingi ndipo lilipo.

Kama imetoka Marekani tafuta neno "bioengineered", lebo yao ya lazima haitumii neno GMO. Wao walivutana miaka mingi, jimbo la California wakapiga kura 2012 pendekezo la lebo likashindwa kwa tofauti ndogo, jimbo la Vermont wakapitisha sheria yao ikaanza Julai 2016, na mwezi huohuo Obama akasaini sheria ya nchi nzima iliyoifuta ile ya Vermont, ikawa lazima kuanzia Januari 2022. Na ile sheria inaruhusu kampuni badala ya kuandika neno iweke QR kodi uskani na simu. Fikiria bibi yangu wa Tukuyu na simu yake ya tochi anasimama kwenye rafu anaskani. Kwangu mimi lebo ambayo inataka bando ili uisome haijamfikia mlaji.

Kama imetoka Ulaya, kikiwa na GMO zaidi ya asilimia 0.9 kwa kila kiambato lazima kiandikwe, tangu 2004. Brazil wanaweka pembetatu ya njano yenye herufi T. Kenya kiwango chao ni asilimia 1, na hao waliweka katazo la kuingiza 2012, serikali ikatangaza kuliondoa Oktoba 2022 ingawa kesi mahakamani zikafuata, ndio maana vitu vya soya na mahindi kutoka huko siku hizi nasoma kwa makini kuliko zamani.

Ukiona asilimia zinatofautiana hivo, 0.9 huku, 1 kule, 5 kwingine (Japani nao ni 5), ujue hakuna mzani wa afya unaosema 5 ni salama na 6 ni sumu. Ni makubaliano, walipima gharama ya kutenganisha magunia kwenye meli na maghala wakakubaliana kiwango. Kwaiyo kitu kisicho na lebo kutoka Afrika Kusini bado kinaweza kua na asilimia 4, na kile cha Ulaya hakiwezi. Hiyo ndio faida ya kujua nchi.

Mafuta ni habari nyingine na hapa ndipo mjadala ulipo mtamu kweli. Mafuta ya soya yakishasafishwa vizuri hayana tena vinasaba wala protini vinavyoweza kupimika, maabara haiwezi kukwambia yametoka soya ipi. Marekani wanasema kama hakionekani kwenye kipimo basi hakuna haja ya lebo. Ulaya wanasema hapana, mlaji ana haki ya kujua kilimwaje hata kama kipimo hakioni kitu. Mi nilifikiri sana juu ya hili, na nimesimama na Ulaya, kwa sababu mtu anayeuliza lebo haulizi tumbo lake peke yake, anauliza pia shamba, mbegu ni ya nani, mkulima analipa nini. Lakini wote wawili, Ulaya na Marekani, hawaandiki kwenye nyama, maziwa na mayai ya mnyama aliyelishwa GMO. Kwaiyo kwa kuku hata ukiwa Ulaya lebo haitakusaidia, hapo muulize mfugaji mashudu anayatoa wapi.

Alama ambazo usizitegemee

Stika ya tunda yenye namba inayoanza na 8, hii imezunguka WhatsApp miaka na miaka. Ni kweli namba ya 8 mbele iliwahi kutengwa kwa ajili ya GMO lakini haikutumika madukani, na kuweka zile namba ni hiari. Ya 9 mbele kwa kilimo hai hiyo inatumika.

Bakodi, ile mistari myeusi. 620 ni Tanzania, 616 Kenya, 600 na 601 Afrika Kusini, lakini inakwambia tu kampuni imesajiliwa wapi namba zake, haisemi mahindi yamelimwa wapi. Kampuni ya Dar inaweza kua na 620 na ndani ikawa na unga wa soya wa kwingine kabisa.

Ukubwa wa tunda, ladha, na eti inzi hatui, havina maana yoyote. GMO huwezi kuiona kwa macho wala kuionja. Kipimo chake ni kijiti cha protini kwa punje mbichi, au PCR ya maabara inayotafuta vipande vya vinasaba vilivyoingizwa.

Na ile picha ya panya wenye uvimbe mkubwa ukitumiwa kwenye grupu la familia usiisambaze. Ule utafiti ni wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini na wenzake, ulitoka Septemba 2012, na Kenya waliweka katazo lao miezi miwili baadae. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa kwa sababu panya walikua wachache na ni aina ya panya ambao wakizeeka wanapata uvimbe wenyewe hata wakila chakula cha kawaida, mwaka uliofata ukachapishwa tena jarida jingine. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyopo sokoni vimepimwa usalama wake na haielekei vitaleta madhara. Mimi nakubali hilo na bado nataka lebo. Watu wanadhani ukidai lebo lazima uwe umeshaamini ni sumu, hapana, nataka iandikwe kama ninavyotaka iandikwe kwamba mafuta ni ya alizeti au mawese. Wakulima wa viazi kule Uporoto mvua ikichanganya wanapiga dawa ya ukungu karibu kila wiki mpaka wanaumwa vifua, Uganda wameshajaribu kiazi cha GMO kinachohimili ule ukungu, siku kikifika hapa kwa kibali ntakua wa kwanza kumsikiliza mkulima, ila kwenye gunia kiandikwe.

Kama na wewe unafungasha

Usikimbilie kuandika "haina GMO". Kwanza ukiandika lazima uweze kuthibitisha, TBS (shirika la viwango) ndio wanasimamia chakula tangu 2019 na wakikuuliza ushahidi maneno ya aliyekuuzia hayatoshi. Pili kuna udanganyifu ndani yake, ukiandika ulezi wako hauna GMO unamfanya mteja adhani ulezi wa jirani yako unayo, wakati ulezi wa GMO haupo sokoni popote. Nimeona hadi chumvi imeandikwa hivo, chumvi haina hata vinasaba.

Andika asili. Zao, wilaya, mwaka wa mavuno, kwa Kiswahili, herufi ambayo mtu asiye na miwani anaisoma. Kila mzigo ukiingia kwenye mashine andika kwenye daftari tarehe, jina la aliyekuuzia na namba yake, kijiji, uzito, na paketi zilizotoka humo zipe namba moja. Chukua punje za kila mzigo robo kilo weka kwenye kichupa kikavu chenye namba hiyohiyo, tunza mpaka muda wa kuisha wa zile paketi upite, siku ukitakiwa kupima una cha kupima. Mi naandika kwa kalamu ya wino wa kudumu, ya risasi inafutika na vumbi la unga.

Paketi za mzigo wa sasa nyuma zimeandikwa hivi: mahindi ya Mbozi, soya ya Mbozi, ulezi wa Sumbawanga, karanga za Chunya, vyote mavuno ya mwaka huu, mzigo namba 14. Yule mama mwalimu alisoma mpaka mwisho, akaniuliza kijiji gani huko Mbozi, nikafungua daftari nikamuonyesha.